Laptopu ya Linux ikigoma: anza na dalili, usianze na kufomati

Tangu 14 Oktoba 2025, siku Microsoft waliacha kutoa apdeti za kawaida za Windows 10, watu wanaokuja kwa meza yangu hapa Kondele wakitaka kuwekewa Linux, mfumo wa bure unaofanya kazi ya Windows, wameongezeka kuliko miaka yote nimefanya hii kazi. Na sababu inaeleweka, hizi laptopu za eksi-UK tunazonunua huku Kisumu, Kakamega, mpaka Nakuru, ThinkPad, EliteBook, Latitude, nyingi ni Intel ya jenereshoni ya nne hadi ya saba na Windows 11 inataka ya nane kuenda juu pamoja na chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0. Kibodi nzima, skrini nzima, alafu mtu anaambiwa anunue ingine. Mimi sikubali hiyo, naweka Linux Mint kwa roho safi kabisa. Kile kinaniuma ni kwamba ikileta shida kidogo baadaye, jirani anasema "hiyo ni kufomati tu", na picha za mtoto na thesis ya miaka mitatu zinaenda na maji. Shida nyingi zinazofika kwangu zinatibika bila kufomati. Nimezipanga hapa kwa dalili, na kwa kila dalili sababu inayotokea sana ndio ya kwanza.

Mifano ni ya aina mbili za Linux, Mint 22 na Ubuntu 24.04, ambazo ni mama na mtoto kwa sababu Mint 22 imejengwa juu ya hiyo Ubuntu. Amri zinaandikwa kwa terminali, bonyeza Ctrl+Alt+T. Ukiandika paswadi hapo hakuna kitu kitaonekana kwa skrini, lakini inaingia, maliza tu ubonyeze Enter.

Kabla hujagusa BIOS, soma hii

Kama Windows bado iko kwa mashine na unataka zikae mbili, angalia kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli ya Windows yenyewe. Laptopu nyingi za Windows 11 zinakuja nayo imewashwa na mwenyewe hata hajui. Ukiingia BIOS, ile mipangilio ya ubao kabla mfumo haujawaka, uzime Secure Boot (kinga inayokataa programu zisizosainiwa wakati wa kuwaka) ama ubadilishe mpangilio wa kubuti, Windows inaweza kukuuliza ufunguo wa tarakimu 48, na kama huna, zile faili hazifunguki, si kwangu, si kwa fundi mwingine yeyote. Ingia kwanza kwa akaunti ya Microsoft ya mwenye laptopu, tafuta huo ufunguo, uuandike kwa karatasi. Kama akaunti ilikuwa ya mtu aliyeuza mashine, simama hapo, usiendelee mpaka umpate.

Inawaka alafu inasimama kwa maandishi meupe yenye neno initramfs

Hii ndio naona kuliko zote, na inakuja sana msimu wa mvua. Kwa sisi wa kando ya ziwa radi na kupotea kwa stima tumezoea, na laptopu nyingi za eksi-UK batri imekufa, inaishi kwa chaja tu. Stima ikienda, mashine inazima ikiwa katikati ya kuandika kwa diski, na ikirudi Linux inakataa kufungua diski yenye mahesabu hayajakamilika. Inakuachia skrini nyeusi na neno initramfs na kishale kinapepesa.

Mwaka huu mwalimu mmoja kutoka Luanda ya Vihiga aliniletea yake ndani ya mfuko wa unga, mvua ilikuwa inanyesha. Ndani kulikuwa na maksi za Form Three za muhula mzima. Alikuwa ameshaambiwa mahali pengine kwamba diski imeisha na kufomati ni elfu moja mia tano. Nikamwambia, mwalimu keti kwanza. Juu kidogo ya neno initramfs kulikuwa na mstari unasema /dev/sda2 inahitaji fsck, amri ya kukagua na kurekebisha diski, kwa mkono. Watu hawasomi huo mstari na ndio wenye dawa. Nikaandika:

fsck -y /dev/sda2

Maandishi yakaanza kukimbia, inode hii imerekebishwa, hesabu ile imerekebishwa, mwalimu ameshika meza kwa mikono miwili. Kama dakika nne hivi. Ikaandika kwamba faili sistemu imebadilishwa, nikaandika exit, ikabuti mpaka kwa picha ya watoto wake wawili wamevaa yunifomu. Hakuna hata faili moja ilipotea.

Kwako inaweza kuwa sda1, sda3 ama nvme0n1p2, andika vile mstari wako unasema, usinakili yangu. Kama skrini haionyeshi jina, andika exit peke yake ubonyeze Enter, mara nyingi itajirudia ikutajie.

Ikikubali leo na kesho irudi pale pale hata kama stima haijapotea, sababu ya pili ni diski yenyewe inakufa. Fungua programu inaitwa Disks, chagua diski yako, kwa ile menyu ya juu kuna SMART, angalia mstari wa Reallocated Sector Count. Namba ikiwa imepanda na kila wiki inaendelea kupanda, toa faili zako leo, usingoje wikendi. Sababu ya tatu ni kebo ya diski ambayo imelegea baada ya laptopu kuanguka, na ya mwisho ni RAM mbovu, hiyo unaipima na Memtest ukiacha ikimbie usiku mzima.

Ukisikia diski inagonga tik tik tik ama inakwaruza, usiandike fsck. Zima. Kila dakika inazunguka ni faili zinaenda, na fsck kwa diski inayokufa inaweza kumaliza hata kile kilichokuwa kimebaki. Hiyo peleka kwa fundi anayejua ddrescue, programu ya kunakili diski inayokufa, na umuulize kabla hajaigusa: "utanakili diski nzima kwanza ama utafanya kazi juu ya yangu?" Akisema juu ya yako, chukua laptopu yako uende.

Na nunua batri. Hata batri inayoshika dakika kumi inatosha kuzima mashine vizuri stima ikienda.

Waifai haionekani kabisa

Anza na swichi. Usicheke, ThinkPad za zamani kama X220 na T420 ziko na swichi ndogo kwa ubavu na mtoto akiigusa waifai imeenda, na zingine ni kitufe cha ndege kwa kibodi. Andika rfkill list, ukiona "Hard blocked: yes" ni swichi, ukiona "Soft blocked: yes" andika sudo rfkill unblock all.

Ikiwa si hiyo, karibu kila mara ni driva, ile programu inayoendesha kadi, na karibu kila mara ni kadi ya Broadcom. Za Intel huwa hazisumbui. Sasa mtu anashangaa, nitashusha driva ya intaneti aje na sina intaneti? Chukua simu yako, iunganishe kwa kebo ya USB, kule kwa mipangilio ya hotspot washa kugawa intaneti kwa USB, na Linux itaiona kama waya ya kawaida bila kuinstoli kitu. Bando ya mia moja inatosha. Fungua Driver Manager kwa menyu, ngoja itafute, chagua iliyoandikwa recommended, restati.

Hapa ndio wengi wanaanguka: kama Secure Boot imewashwa, wakati wa kuweka driva itakuuliza utunge paswadi, na ukirestati inakuja skrini ya buluu inauliza kuhusu MOK, ufunguo wa kuruhusu hiyo driva. Watu wanaogopa hiyo skrini, wanabonyeza kuendelea kubuti, na driva inakataliwa kimya kimya, alafu wanasema Linux ni mbovu. Chagua Enroll MOK, alafu Continue, alafu Yes, andika ile paswadi ulitunga, restati. Kama umeshaipita, toa driva uiweke tena na skrini itarudi.

Waifai iko lakini inakatika kila baada ya dakika chache? Mara nyingi ni kubana matumizi ya batri. Andika

sudo nano /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf

badilisha ile 3 iwe 2, hifadhi na Ctrl+O, toka na Ctrl+X, restati.

Ikibaki kadi yenyewe imekufa, usikimbilie kununua kadi yoyote tu. BIOS za ThinkPad na HP za zamani ziko na orodha ya kadi zinazokubali na zingine zote zinakataa kubuti nazo. Uliza muuzaji kama atakubali kurudisha.

Hii mambo ya driva ya Broadcom ndio mjadala wa miaka mingi kwa programu huria: je, tuweke ndani ya distro, yaani aina moja ya Linux, vile vipande vya siri ambavyo watengenezaji hawataki kuonyesha kodi yake (yale maandishi ya programu), ama tubaki wasafi mtumiaji ateseke? Debian, distro moja kubwa, walipiga kura mwaka 2022 wakakubali viingie kwa instola rasmi, na Debian 12 ya Juni 2023 ndio ya kwanza kutoka hivyo. Naheshimu waliopinga, kwa sababu wana hoja kwamba kodi usiyoiona huwezi kuitengeneza. Lakini nimeona mama wa saiba pale Kibuye akikaa siku mbili bila intaneti kwa sababu ya huo usafi, na mimi niko upande wake.

Skrini nyeusi mara tu baada ya kuweka Linux ama baada ya apdeti

Kwanza hakikisha si mwangaza umeshuka, mulika skrini na tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, ni taa ya skrini, hiyo ni kazi ya fundi wa vyuma, Linux haihusiki.

Kama ni nyeusi kweli, sababu ya kwanza ni kadi ya picha ya NVIDIA. Washa mashine ukishika Shift, ama bonyeza Esc mara moja, itokee menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha. Weka mshale kwa mstari wa kwanza, bonyeza e, tafuta mstari unaoishia na quiet splash, ongeza hapo neno nomodeset ukiacha nafasi, bonyeza F10. Itabuti na picha mbaya mbaya lakini itabuti, alafu uende Driver Manager kama ile ya waifai. Mashine za zamani za NVIDIA, zile za Quadro za miaka ya 2010 hadi 2013, driva zake rasmi hazifuatani tena na kerneli (kiini cha Linux) mpya, hizo baki na driva huria ya nouveau usihangaike.

Ikiwa ilikuwa sawa jana na leo baada ya apdeti ndio nyeusi, kwa hiyo menyu ya GRUB chagua Advanced options, alafu kerneli ya zamani inayofuata, si ule mstari wa recovery mode. Ikibuti, umejua ni kerneli mpya, tumia hiyo ya zamani mpaka apdeti ingine ije. Na kama uliwasha Timeshift, programu ya kuweka nakala za mfumo, siku ya kwanza, unarudisha mfumo vile ulikuwa juzi kwa dakika kumi na faili zako za nyumbani haziguswi. Wateja wangu wote nawawashia Timeshift kabla hawajatoka mlangoni.

Ukishea skrini kwa mkutano, wengine wanaona nyeusi

Sababu ni moja hasa: Wayland. Ule mtambo wa zamani wa kuchora skrini, X11, unaruhusu programu yoyote ichungulie madirisha ya zingine, hata isome unachoandika kwa kibodi. Wayland, iliyoanza mwaka 2008, imefunga huo mlango, programu lazima iombe ruhusa kwanza. Programu za zamani hazijui kuomba.

Kujua uko wapi andika echo $XDG_SESSION_TYPE. Ikisema wayland, cha kwanza ni kuapdeti hiyo programu ya mkutano. Cha pili, jiunge kupitia brauza, Firefox na Chrome za siku hizi zinajua kuomba, itatokea kidirisha kinauliza ushee nini. Cha tatu, kwa Ubuntu 24.04 toka kwa akaunti, na kabla ya kuandika paswadi kuna alama ya gia chini kulia, chagua Ubuntu on Xorg, ambayo ndio X11. Mint ya kawaida bado iko kwa X11 kwa hivyo hii shida huwezi kuipata labda uwe umechagua Wayland mwenyewe. Zile programu za kushika kompyuta ya mtu kwa mbali ndio zinasumbua zaidi, na kwa ofisi inayozitumia kila siku nawaambia wakae kwa X11 mpaka watakapolazimika kuhama.

Na watalazimika, hiyo tusifichane. Ubuntu 25.10 imeondoa X11 kwa GNOME, sura yake ya kawaida ya skrini, na KDE, wenye sura ingine inayoitwa Plasma, wametangaza Plasma 6.8 itakuwa ya Wayland peke yake. Kuna watu wamekasirika mpaka mwaka 2025 mmoja akakata tawi lake la X11 akaliita XLibre. Mimi naona Wayland ni sawa kwa usalama, lakini mwenye kutumia programu ya kusomea skrini kwa sababu haoni vizuri ana haki ya kuuliza mbona mlango unafungwa kabla ya yeye kuwekewa mwingine, na hilo swali halijajibiwa vya kutosha.

Saa iko mbele ama nyuma masaa matatu kamili

Windows na Linux zinakaa pamoja na kila moja inaisomea saa ya ubao kivyake. Linux inaiweka kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, Windows inaiona kama saa ya hapa, na sisi tuko masaa matatu mbele ya UTC. Ndio maana saa sita mchana Windows inakuambia ni saa tatu asubuhi, ama Linux inakuambia ni saa tisa. Andika mara moja timedatectl set-local-rtc 1 imeisha.

Ikiwa saa inarudi miaka nyuma kila ukizima, na brauza inakataa tovuti zote ikisema si salama, hiyo ni batri ndogo ya ubao, mara nyingi CR2032. Kwa kompyuta ya mezani unabadilisha mwenyewe, kwa laptopu zingine iko na waya na imefichwa chini ya ubao, hapo mpatie fundi.

Faili za upande wa Windows zinafunguka lakini hazikubali kuhifadhi

Windows haikuzima kabisa, ililala, kwa sababu ya Fast Startup. Ingia Windows, Control Panel, Power Options, zima Fast Startup, alafu uzime mashine kawaida. Usilazimishe kutoka Linux, utaharibu.

Apdeti imegoma, inasema dpkg imefungwa ama imekatika

Ngoja dakika kumi kwanza, mara nyingi ni apdeti ingine inafanya kazi chini kwa chini. Ikiwa stima ilipotea ama bando iliisha katikati, andika hizi moja moja:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
sudo apt update

Kuna ushauri unazunguka wa kufuta faili za lock na rm. Usifuate kama hujahakikisha hakuna apdeti inaendelea, nimeshapokea mashine mbili zilizovunjwa hivyo. Na angalia nafasi na df -h, diski ikiwa imejaa 100% hakuna amri itasaidia mpaka upunguze, anza na nakala za zamani za Timeshift.

Inaenda polepole

Fungua System Monitor uangalie kabla ya kulaumu. RAM ikiwa 4GB na brauza iko na tabu ishirini, umepata jibu. Ikiwa RAM iko sawa lakini taa ya diski haizimi, ni diski ya kuzunguka, na hapa nasema bila kupepesa macho: SSD (diski isiyozunguka) ya 240GB itaifufua kuliko distro yoyote utakayobadilisha. Kwa Ubuntu, Firefox inakuja kama snap, kifurushi kinachobeba vitu vyake vyote, na kwa diski ya kuzunguka inachelewa kufunguka mara ya kwanza, ndio moja ya sababu napenda Mint, wao walizuia snap tangu Mint 20 ya mwaka 2020 na Firefox yao ni ya kawaida.

Ikianza vizuri alafu ipungue nguvu baada ya nusu saa, ni joto. Instoli lm-sensors, andika sensors, ikipita digrii 90 feni imejaa vumbi ama ile dawa ya prosesa imekauka.

Printa

HP nyingi ni kuweka hplip na zinaingia. Epson za tangi zile za L, weka printer-driver-escpr. Zinazoumiza ni Canon za LBP za zamani zinazotumia lugha yao ya siri ya CAPT, zinaweza kuprinti kurasa mbili alafu zinyamaze. Kama saiba yako inategemea hiyo moja kula, iache kwa kompyuta ya Windows, nakwambia ukweli.

Na ile barua ya Word inayohamisha mistari ikifunguliwa kwa LibreOffice, ni fonti ya Calibri haiko. Weka fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea, zina vipimo sawa na Calibri na Cambria, mistari itarudi mahali pake.

Toa mikono mara moja

Padi ya kugusa imeinuka, ama kifuniko cha chini kimebenuka na laptopu inayumba ukiiweka kwa meza: batri imevimba. Zima, toa chaja, usiitoboe, usiikandamize irudi, usiiache kwa kitanda ama karibu na jiko, iweke kwa simiti mbali na watoto na uilete hivyo hivyo. Harufu ya kuungua baada ya stima kurudi na nguvu, vivyo hivyo, usijaribu kuwasha "kuona tu". Chai ikimwagika, zima kwa kushika kitufe, geuza laptopu kama hema, usiitie kwa mchele wala kwa jua kali, na usipeleke chaja karibu mpaka ifunguliwe ikauswe ndani. Nikiipata siku hiyo hiyo mara nyingi ubao unapona, ikikaa wiki kutu imeshakula.